Usizibe hizo chupa Jumamosi

Acha kabisa! Umeuliza kuhusu waini yako ya kilo 5 za zambarau: kama asali ya hapa Tabora inafaa badala ya sukari, na kama Jumamosi uzibe chupa kwa kuwa povu limekata siku ya 8, ukiongeza sukari kidogo iwe tamu. Hilo la mwisho ndilo limeninyima usingizi.

Nilifanya hivyohivyo. Ndoo ya lita 20, zambarau tulizookota na watoto huku Isevya, hamira ya mkate, siku ya 9 kimya. Nikachuja, nikakoroga kilo 1 ya sukari, nikajaza chupa 24, nikagongea vizibo na kuvikaza kwa waya visitoke. Nikazipanga stoo. Usiku wa 4 ukalia mshindo, nikadhani transfoma. Mshindo wa pili, mama watoto akasema wezi. Tulipowasha taa, kipande cha kioo kilikuwa kimejikita kwenye ubao wa mlango, usawa wa macho ya mwanangu wa darasa la pili. Nilikitoa kwa koleo. Hadi alfajiri zilipasuka 9. Zilizobaki nilizifunika magunia mabichi, nikakata waya moja moja nimevaa helmeti ya bodaboda na jaketi zito. Acheke anayetaka, helmeti ile naitunza mpaka leo.

Na yule mwalimu wa semina ya ujasiriamali! Siku moja tu, tumelipa ada, anatuambia "povu likikata imeiva, ongeza sukari, kaza waya". Nilipompigia akalaumu chupa zangu. Chupa! Hamira haikuwa imekufa, ilikuwa imelala kwa kukosa chakula, nami nikaipelekea kilo nzima ya sukari ya kutengenezea gesi kisha nikaifungia mlango. Piga hesabu: kilo ile ikiliwa yote, kila chupa inapata zaidi ya lita 10 za gesi. Chupa ya shampeni yenyewe, nene vile, hubeba kama nusu ya hapo.

Kwa hiyo shika hili moja: kabla ya chupa yoyote ya kioo, jaza waini yako kwenye chupa tupu ya soda ya plastiki, ikamue kidogo hewa itoke, ifunge kabisa, iache penye joto. Bonyeza kwa kidole kila siku. Ikianza kuwa ngumu kama soda mpya, kazi bado inaendelea ndani, fungua utoe gesi na usizibe kitu. Ikibaki laini wiki 2, ndipo uanze kuwaza vizibo. Ukipata haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, ni bora zaidi: isome 1.000 au chini, na namba isibadilike kwa wiki nzima. Muda wote huo ndoo ibaki na bomba lake la mpira, ncha yake imezamishwa kwenye chupa ya maji, gesi itoke na nzi wasiingie.

Utamu tia kwenye glasi unapokunywa, kamwe usitie kwenye chupa.

Asali inafaa, ila mara nyingi huchacha taratibu kuliko sukari, wakati mwingine hata miezi, kwa hiyo ndiyo itakayokudanganya zaidi kwamba imemaliza. Zile chupa ulizokwisha kuosha zirudishe kwenye kreti. Leo jioni jaza hiyo ya soda, Jumamosi uniambie imekuwa laini au ngumu.