Usilipie chumba cha Dapeng kabla mwenye nyumba hajaikubali pasipoti yako

Ndugu yangu, simamisha hayo malipo kwanza. Umeandika kwamba mko wanne, mnasoma Shenzhen, China, mnataka kulala siku mbili Jiaochangwei katika likizo ya Oktoba, kwamba pasipoti ya mmoja wenu iko ofisi ya uhamiaji, na kwamba zile tatu nyingine mtaziacha bwenini zisije zikalowa, kwa kuwa picha za simuni zinatosha. Maneno hayo ya mwisho nimeyasoma mara tatu, kwa sababu mwaka 2019 niliyatamka mimi mwenyewe, na yalitugharimu yuani 2,640 za vyumba ambavyo hatukuvilalia hata dakika moja.

Sisi pia tulikuwa wanne. Kwa wasiopajua, Jiaochangwei ni kijiji cha zamani cha wavuvi katika rasi ya Dapeng, mashariki ya jiji, ambacho nyumba zake nyingi zimegeuzwa kuwa nyumba za wageni zinazotazama bahari. Tulichukua vyumba viwili kwa usiku mbili, tukalipa vyote kupitia programu ya simu kwa bei ya sikukuu, na kwa sharti kwamba fedha hazirudi. Chini ya picha za vyumba palikuwa na mstari mdogo wa Kichina. Mwenzetu aliyetutangulia nchini humo kwa miaka sita, ambaye cheti chake cha HSK 5, yaani mtihani wa Kichina kwa wageni, alikitundika ukutani kama picha ya rais, aliusoma akatuambia kuwa ni maneno ya kawaida ya kukaribisha wageni. Nilikuja kujua baadaye kwamba mstari ule ulisema nyumba inapokea wageni wa China bara peke yao. Mpaka leo najiuliza ni ukaribisho gani aliouona pale. Ni yeye huyo huyo aliyetuhakikishia kwamba pasipoti ni kitu cha uwanja wa ndege, na bila shaka safari yenyewe hakuja.

Tuliondoka saa nane mchana tarehe 2 Oktoba, na kwa foleni iliyokuwa katika barabara ya kuingilia rasi, tulifika saa mbili usiku. Kijana wa mapokezi, mwenye adabu zake zote, aliomba namba za vitambulisho. Mfumo wake wa usajili ulikuwa unadai tarakimu 18 za kitambulisho cha Mchina, na mimi hata ningejumlisha namba ya pasipoti na ya simu ya mama yangu nisingezifikisha kwa mpangilio unaotakiwa. Alimpigia mwenye nyumba, na hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu yule mama alikuja, akafikiri, akasema kwamba kama tunazo pasipoti zenyewe angetupeleka kituo cha polisi tukasajiliwe huko. Tukamwonyesha simu zetu. Akatutazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya pilau wakati ana njaa, kisha akatikisa kichwa.

Wala hakuwa na ubaya. Sheria ya uingiaji na utokaji wa nchi hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inaitaka hoteli imsajili mgeni wa nje na kupeleka taarifa zake polisi. Anayelala mahali ambapo si hoteli anatakiwa asajiliwe polisi ndani ya saa 24, na asipofanya hivyo anaweza kuonywa na hata kutozwa faini isiyozidi yuani 2,000. Sheria hiyo hiyo inamtaka mgeni aliyetimiza miaka 16 atembee na pasipoti yake. Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba mwaka 2024 serikali ilisisitiza kuwa hoteli zisimkatae mgeni kwa kisingizio cha kukosa sifa za kumpokea. Ni kweli, na ni jambo jema, lakini msisitizo huo hauwezi kumsaidia mtu aliyeacha pasipoti chini ya godoro, umbali wa saa kadhaa, usiku wa sikukuu ambapo nyumba zote za jirani zimejaa.

Karibu na hapo ipo Ngome ya Dapeng, iliyojengwa mwaka 1394 kuzuia maharamia wa baharini. Tulikaa jirani na kuta zake mpaka saa tano usiku tukisubiri gari la kukodi, tukawa maharamia wa kwanza kufika kwa njia ya nchi kavu na kuzuiwa na mtu wa mapokezi. Gari la kurudi lilikuwa yuani 380, na hizo sizihesabu katika zile 2,640.

Uliuliza pia ufuko upi ni bora kati ya Jiaochangwei na Xichong, na habari za chakula halali na kuogelea. Xichong ni mrefu zaidi na uko mbali zaidi kusini. Ufuko wa Jiaochangwei mimi niliuona gizani, kwa hiyo hayo mengine wakujibu walioogelea.

Mwenzenu ambaye pasipoti yake iko ofisi ya uhamiaji kwa ajili ya kuongeza kibali asiondoke bila stakabadhi aliyopewa, kwa kuwa ndiyo inayosimama mahali pa pasipoti mpaka muda wake uishe. Ninyi watatu, zifungeni pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ambao ni wa yuani chache tu. Kisha, kabla ya kulipa hata senti, mwandikieni mwenye nyumba maneno haya: «Wǒmen shì wàiguórén, yòng hùzhào kěyǐ rùzhù ma?», yaani «Sisi ni wageni wa nje, tunaweza kupokelewa kwa pasipoti?» Akijibu «kěyǐ», yaani «inawezekana», pigeni picha jibu lake, ndipo mlipe. Akinyamaza, au akianza kueleza uzuri wa machweo, tafuteni nyumba nyingine.

Na kama habari ya picha za simuni mmeipata kwa bwana mmoja mwenye cheti ukutani, mfikishieni salamu, mwambieni bado nazisubiri yuani zangu 660.