Kumhoji mzee aliyekuwa usalama enzi za vita vya Msumbiji

Kila nikiweka kipande cha mazungumzo yangu na wazee wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, waliobaki hapa Bagamoyo, napokea ujumbe uleule: "Dada, babu yangu naye alikuwa kitengo (yaani usalama), lakini hasemi kitu. Nifanyeje?" Nimeona nijibu hapa kwa pamoja, vidole vyangu vipumzike na WhatsApp.

Kwanza futa mambo ya sinema kichwani. Ukimwendea mzee na bastola na miwani ya giza akilini, utamuuliza aliua wangapi, naye atakujibu kwamba mvua za mwaka huu zimechelewa. Kazi ya usalama ndani ya vyama vya ukombozi, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya kikarani: kupokea watu, kuwauliza, kuandika, kulinganisha majibu, kufikisha barua isiyotakiwa kulala njiani. Mzee ninayemtolea mfano humu ni Mmakonde wa upande wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Alikuja Tanga kijana kukata mkonge kabla hajaingia chamani, na hajawahi kuniambia "nilikuwa mpelelezi". Husema "nilikuwa napokea wageni". Basi muulize habari za wageni. Ataongea mpaka adhana ya magharibi.

Na usidhani kupokea wageni ilikuwa kazi ndogo. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaanza vita tarehe 25 Septemba 1964. Katikati hapo watu walikuwa wanamiminika kutoka kila pembe: wanaovuka Ruvuma kwa miguu, wanafunzi waliotoroka Ureno, vibarua wa mashamba ya mkonge, na bila shaka waliotumwa na PIDE, polisi wa siri wa Wareno. Utamjuaje nani ni nani? Kuna kisa cha Leo Milas ambacho kila anayemhoji mzee wa aina hii anapaswa kukijua. Jamaa alijitambulisha kuwa ni mwana wa Msumbiji aliyesomea Marekani, akapewa cheo kikubwa katika uongozi. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, alipofuatilia alikuta ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Texas, jina lake halisi Leo Clinton Aldridge. Alifukuzwa mwaka 1964, mwezi mmoja hivi kabla ya risasi ya kwanza. Mtu asiye wa nchi ile kabisa alikuwa amekaa meza moja na viongozi! Ukimtajia mzee jina la Milas, mwangalie usoni. Wangu alicheka kwanza, halafu akakaa kimya kidogo, halafu ndipo akaanza kunieleza namna walivyokuwa wanahoji.

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Alinifanyia mimi mwenyewe, kibarazani, na kahawa mkononi. "Umetoka wapi? Umepita njia gani? Mto umevuka saa ngapi, maji yamekufika wapi?" Kwa maswali hayo kila mtu ana jibu tayari. Kisha akashuka chini: "Umesoma misheni gani? Padri alikuwa na mbwa? Mbwa anaitwa nani? Kengele iligongwa na nani?" Akaniambia muongo hujiandaa kwa mambo makubwa: jina la mkuu wa wilaya, idadi ya askari, ramani. Mambo ya kipuuzi hakuna anayeyakariri. Aliyeishi pale atayasema bila kufikiri, na pengine atakosea kidogo, na kosa lenyewe likawa ushahidi. Siku ya tatu unarudia swali la mbwa kana kwamba umesahau.

Ushauri wangu mkubwa umo humo: mhoji yeye kwa ufundi wake mwenyewe. Acha "eleza mchango wako katika ukombozi", maana hilo amelijibu mara nyingi kwenye sherehe na ana hotuba yake. Uliza chumba cha kupokelea wageni kilikuwa na viti vingapi. Nani alipika. Karatasi zilitoka wapi, zilifungiwa wapi, funguo alikuwa nazo nani. Mgeni akisubiri majibu yake alilala wapi, na nani alilala karibu naye. Mzee atakutazama kama mtoto mjinga, halafu atakujibu, na ndani ya majibu hayo utapata idara nzima ilivyokuwa inafanya kazi.

Tarehe ni taabu nyingine. Wazee wetu hawahesabu kwa kalenda ya ukutani. Weka matukio makubwa mezani na umwache ajipange mwenyewe: kabla au baada ya Azimio la Arusha (Februari 1967)? Mondlane alikuwa hai? Aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, na kwa watu wa usalama siku ile imekata maisha vipande viwili. Shule ya sekondari ya FRELIMO hapa Bagamoyo ilikuwa imeanza? Hiyo ni 1970, mwaka uleule Samora Machel alioshika urais wa chama na Wareno wakamwaga maelfu ya askari kaskazini mwa Msumbiji. Karume alikuwa ameshauawa (Aprili 1972)? Kwa wavuvi na wakulima, kusi na kaskazi husaidia kuliko majina ya miezi.

Majina nayo yana mitego. Wapiganaji wengi walitumia majina ya vita, kwa hiyo mzee anaweza kuwa alikula na mtu miaka mitano asijue jina alilopewa na baba yake. Usimlazimishe, andika jina la vita kama lilivyo. Miji pia ilibadilishwa majina: Maputo iliitwa Lourenço Marques hadi 1976, Pemba ya Msumbiji ilikuwa Porto Amélia, Lichinga ilikuwa Vila Cabral. Na akisema "Bagamoyo" usikimbilie kudhani ni hapa kwetu. Maputo kuna mtaa unaitwa Bagamoyo, uliopewa jina hilo baada ya uhuru, na kabla ya hapo ulikuwa mtaa maarufu wa mabaa na starehe za mabaharia. (Wazee wa hapa wakilisikia hilo husema astaghfirullah, kisha huuliza bado mabaa yapo.)

Kama mzee wako ni mgumu kweli, mwanzie na mtu ambaye habari zake ziko wazi. Mimi hutumia Joaquim Chissano. Alienda Ureno kusomea udaktari, akatoroka 1961 kupitia Ufaransa, akawa msaidizi wa Mondlane, kisha akaongoza idara ya usalama ya FRELIMO miaka mingi ya vita. Kuanzia 1969 alikuwa pia mwakilishi wa chama Dar es Salaam, kazi ya kukutana na mabalozi mchana na kusoma ripoti usiku. Septemba 1974, baada ya Mkataba wa Lusaka ambao Ureno ilikubali kuiachia Msumbiji uhuru, akawa waziri mkuu wa serikali ya mpito, na 1986 akawa rais wa Msumbiji. Mwaka 2004, mbele ya wakuu wa nchi za Afrika kule Addis Ababa, akahutubia kwa Kiswahili huku wakalimani wakihangaika. Kiswahili kile alikizoea huku kwetu. Mzee akisikia habari za mkubwa wake zinasemwa hadharani, naye hulegea.

Sasa upande wenye giza. Usalama haukuwa kupokea wageni tu. Mwaka 1975, katika kambi ya FRELIMO ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, walionyeshwa hadharani watu walioitwa wasaliti, akiwemo Uria Simango aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama. Baadaye yeye na wengine waliuawa Msumbiji bila kufikishwa mahakamani. Mzee aliyefanya kazi ile aliwahi kuandika majina ya watu. Mengine yalikuwa ya wasaliti kweli, mengine pengine ya watu waliochukiwa tu. Swali hili liulize, ila liulize mwishoni, mkiwa wawili tu, na kinasa sauti ukizime mbele ya macho yake aone. Akikataa, yaishe. Akijibu, usichapishe jina la yeyote aliyeshukiwa. Mji wetu ni mdogo, wajukuu wa huyo "kibaraka" unakutana nao sokoni Jumamosi.

Ni muhimu pia kujua alikuwa usalama wa nani. Aliyetumikia FRELIMO ni tofauti na mtumishi wa serikali ya Tanzania aliyepangwa kuwashughulikia wapigania uhuru. Huyu wa pili anabanwa na kiapo pamoja na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, ambayo bado ipo. Kwake baki kwenye maisha: safari, kipindi cha Kongwa (kambi ya wapigania uhuru huko Dodoma), chakula, maradhi, ndoa. Akikuletea karatasi ya serikali yenye mhuri wa siri, hata kama imeliwa na mchwa, usiipige picha. Mshauri aipeleke kwa wanaohusika.

Mambo madogo: kaa na mke wake karibu, maana yeye ndiye anayekumbuka nani alikuja nyumbani usiku. Usimkatize akihamia Kimakonde au Kireno, utatafuta wa kukutafsiria baadaye. Usimpeleke hotelini kwa ajili ya video nzuri. Wangu alipowekewa taa na vijana wa kamera akawa mjumbe wa mkutano, kila sentensi "ndugu wananchi".

Ukitaka kulinganisha aliyosema, mradi wa Hashim Mbita wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ulikusanya simulizi nyingi za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mafaili ya PIDE yako Lisbon, kwenye hifadhi ya taifa ya Ureno, Torre do Tombo. Ila yasome kwa hadhari. Mtoa habari aliyelipwa kwa ripoti alikuwa na kila sababu ya kuziongezea chumvi, na afisa wake alikuwa na mabosi wa kuwafurahisha. Nimeshaona mtu akimwambia babu yake "faili linasema ulikuwa mahali fulani" kana kwamba faili ni msahafu. Mzee alinyanyuka, akaingia ndani, mazungumzo yakaishia hapo.

Kabla ya kuweka chochote mtandaoni, msomee chote, neno kwa neno, umpe nafasi ya kukata. Atakata zaidi ya unavyopenda. Halafu mwachie nakala kwenye flashi hata kama nyumba haina kompyuta, na mwandikishe nani abaki nayo asipokuwepo, maana kwenye familia hizi wajomba wa Mtwara na watoto wa Maputo wote watasema ni yao.