Begi la ALICE na mfuko wa maji wa mrija, usiuning'inize nyuma

Kama una begi la zamani la jeshi la Marekani, lile la kijani linaloitwa ALICE, halafu umenunua kibegi cha maji cha kisasa (ndani kina mfuko laini wa maji wenye mrija wa kunywea) chenye mikanda ya MOLLE, mfumo mpya zaidi wa jeshi hilohilo, utagundua mapema tu kwamba hivi vitu viwili havishikani. Vimetengenezwa enzi tofauti. ALICE ni ya miaka ya 1970, kipindi hicho askari maji yake yako kwenye chupa ya plastiki kiunoni na kila kitu kinafungwa kwa klipu za chuma. MOLLE imekuja mwishoni mwa miaka ya 1990 na ile mistari ya mikanda iliyoshonwa kwa nje, upana milimita 25 hivi, imepigwa mshono kila baada ya milimita 38, wewe unapitisha mkanda wa kibegi chako humo mpaka kinakaa kimya. ALICE mistari hiyo haina, ina vipande vichache tu vya kuchomekea klipu, basi.

Sasa wengi wanachofanya ni kuchukua karabina mbili (zile pete za chuma zinazofunguka), wanakining'iniza kibegi kwa nyuma kabisa juu ya kifuniko, wanapiga picha, wanaona wamemaliza. Ngoja uanze kupanda. Lita 3 za maji ni kilo 3, na fremu ya alumini ya ALICE tayari inalisogeza begi mbali na mgongo, kwahiyo umeweka kilo 3 mahali pa mbali kuliko pote na zinacheza kila hatua. Mabega yanavutwa nyuma, unaanza kutembea umeinama, na maji yenyewe yanapigwa jua mpaka yanakuwa ya kuogea.

Mi niko Texas, na huku mlima unaonifanya niyachukulie haya mambo siriasi ni Guadalupe Peak, mita 2,667, ndo mrefu kuliko yote kwenye jimbo. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 13 na nusu, unapanda karibu mita 900, na njiani hakuna maji kabisa, hakuna bomba wala kijito. Wenyewe wa hifadhi wanashauri galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani karibu lita 4. Kwahiyo mfuko wa lita 3 na chupa ya lita moja pembeni ndo kiwango cha kawaida, sio mbwembwe.

Dawa iko ndani ya begi lenyewe na watu hawaioni. Fungua ALICE, angalia ule upande unaogusa mgongo, kuna mfuko umeshonwa humo. Ulikuwa wa redio, zile PRC-77 za zamani zenye kilo zaidi ya 5, sasa kilo 3 za maji zitaufanya nini? Toa mfuko wa maji kwenye kibegi chake (kama kibegi ni chembamba kiache tu), uteremshe humo kabla hujapakia kitu kingine, maana begi likishajaa hauingii tena utabaki unapigana nao. Juu yake kuna kitundu au ndoano, funga hapo na kipande cha paracord (kamba nyembamba ya nailoni) kwenye ukingo wa mfuko wa redio, la sivyo maji yakipungua unajikunja kule chini na mrija unabanwa, unanyonya hakuna kitu. Mrija unatokea chini ya kifuniko, wala huhitaji kutoboa begi.

Kama unaogopa kuvuja, na ni kweli kifuniko cha mfuko wa maji kikikaa upande mvua itanyesha ndani, basi nyumbani jaza maji, funga, ulaze juu ya gazeti, weka kitu kizito juu, ulale. Asubuhi gazeti litakwambia. Nguo na blanketi weka kwenye mfuko wa plastiki hata kama jaribio limepita.

Kuna wanaofunga kibegi kwenye fremu kwa mbele, ile nafasi kati ya fremu na mgongo wako. Uzito unakaa pazuri sana, siwezi kubisha, ila unaziba upepo na hiyo nafasi ndo raha pekee ya ALICE wakati wa joto. Ukiamua hivyo tumia mikanda myembamba yenye bizimu, sehemu nne, juu mbili chini mbili. Zile tai za plastiki za nyaya achana nazo, jua linazikausha zinakatika.

Mrija sasa. Upitishe bega la kulia. Mikanda mingi ya ALICE bega la kushoto ina kile kishikizo cha kuachilia begi haraka, usije ukapitisha mrija hapo ukavutana nao siku unataka kulitua begi. Rababendi mbili zinatosha kuushikilia. Na ukishakunywa puliza maji yarudi ndani, mchana hutokutana na funda la kwanza la moto na wakati wa baridi mrija hautaganda.

Wenye begi la MOLLE nyie kazi yenu ndogo, pitisha mkanda kwenye begi, halafu kwenye kibegi, halafu begi tena, hadi mwisho, sio kuuteremsha moja kwa moja upande mmoja, kibegi kitaning'inia.

Kwa wanaotaka kurudi nalo nyumbani: Tanzania, Kenya, Uganda, mavazi ya jeshi kwa raia ni kesi. La kijani tupu sijui nani atakuuliza, lakini la madoadoa liache hukuhuku.

Kuosha mfuko wa maji ni magadi ya kuokea (baking soda) vijiko viwili kwenye maji ya uvuguvugu, uache nusu saa, suuza, mrija upitishie maji pia maana uchafu mwingi unajificha kule mdomoni. Kukauka kwake ndo shughuli, kuta zinagandana, chomeka kijiko cha mbao ndani ziachane. Mi nikiwa mvivu naumwaga maji yote nautupa kwenye friza hivyohivyo, ukungu hauoti humo.