Masika Niliyojifunza Kuogelea, na Mgeni Anayepanda Mlima kwa Mara ya Kwanza

Mvua ikishashika huku Uru na Kibosho, juu ya mji wa Moshi, mlima wenyewe tunausahau. Wiki nzima huoni vilele vya Kibo wala Mawenzi, na simu za kazi zinanyamaza. Sisi tunaopandisha wageni Kilimanjaro kila mmoja anashika lake: huyu yuko Majengo na bodaboda, yule ameshuka tambarare kupanda mahindi, mwingine anakata majani ya ng'ombe huku akihesabu siku mpaka Juni. Simlaumu mtu. Nami nina migomba na ng'ombe wawili, na ada za watoto hazisubiri kiangazi. Lakini baada ya miaka 17 mlimani, niliyoanza kama mgumu wa kubeba mizigo, naamini kwamba mgeni wa Julai, hasa yule ambaye hajawahi kulala kwenye hema maishani mwake, anaandaliwa Aprili. Naandika haya kwa vijana wanaochipukia kwenye kazi hii, na kwa wazee wenzangu watakaovumilia kunisikiliza.

Kwanza nimtaje mama mmoja.

Ilikuwa Desemba, ile wiki ya Uhuru. Watanzania wengi hupanda wakati huo ili tarehe 9 iwakute kileleni, pale Luteni Alexander Nyirenda alipopeleka bendera na Mwenge mwaka 1961. Kundi letu lilitoka Dar es Salaam, tukapita njia ya Marangu. Mama alikuwa na miaka 52, mcheshi, na alikuwa amejiandaa kwa miezi mitatu akitembea ufukweni kila alfajiri. Wenzake wa kikoba walimchangia nauli na jaketi. Jioni tulipokuwa kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720, aliniita pembeni: "Baba, kichwa kinagonga." Nikamjibu kama nilivyowajibu mamia kabla yake: "Hiyo kawaida mama, hakuna shida. Kunywa maji." Nikaenda kupanga mizigo.

Kesho yake, njia nzima ya kwenda kambi ya Kibo, nilimuuliza mara mbili, "Mama, uko sawa?" Mara zote mbili akasema yuko sawa. Jioni alikataa chakula. Aliponyanyuka kwenda chooni akayumba kama mtu aliyekunywa mbege ya tangu asubuhi. Kuyumba namna ile kwenye mita 4,700 ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba, na hapo hakuna cha kusubiri kupambazuke. Tulimfunga kwenye machela ya gurudumu moja tukashuka naye usiku uleule na wagumu sita. Tulipokaribia Horombo alianza kuuliza tuko wapi. Alfajiri alinitaja kwa jina. Mungu alitusaidia, na mteremko ulitusaidia, maana kwa ugonjwa ule kushuka ndiyo dawa kuu.

Siku ya kuagana nilimuuliza kwa nini hakuniambia tena. Akasema, "Uliniambia hakuna shida. Nikaona nikirudia nitaonekana nadeka."

Sijalisahau jibu lile. Neno nililodhani la kutuliza ndilo lililomziba mdomo.

Masika iliyofuata niliamua kujifunza kuogelea. Sababu yangu ya kwanza haikuhusu kazi: mtoto wangu wa pili alikuwa ameanza kwenda na wenzake chemchemi ya Chemka, na mimi baba yake sikuweza kuvuka hata dimbwi. Nikalipia bwawa la hoteli moja hapa mjini. Mwalimu wangu wa kwanza, kijana mdogo, aliniingiza kwenye maji ya kifuani akaanza: "Usiogope mzee! Pumua! Piga miguu! Nyoosha mikono! Kichwa ndani!" Mimi niliyesimama kilele cha Uhuru, mita 5,895, zaidi ya mara 100, nilishika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili na sikusikia chochote baada ya lile neno la kwanza. Akaniuliza, "Uko poa?" Nikamwambia niko poa. Nilikuwa natetemeka.

Pale ndipo nilipomwelewa mama wa Horombo. Aliyeshikwa na hofu husikia neno moja kati ya matano. Ukimuuliza kama yuko sawa, atakwambia yuko sawa, kwa sababu swali lenyewe limeshamwonyesha jibu unalolitaka.

Aliyenifundisha hasa ni mama mtu mzima anayefundisha watoto pale pale. Alinikalisha ukingoni, akaniambia leo tutaingiza uso tu. Kisha akanieleza kabla sijaingia: maji yatapanda puani, yatawasha, utahesabu mpaka tano na yataisha. Ukisikia jambo jingine lolote, gonga ukuta mara mbili, nitakuinua. Jambo moja, ninachotarajia kukisikia mwilini, na namna ya kuomba msaada bila kuongea. Siku ya nne nilielea.

Tangu hapo nimebadilisha mazungumzo yangu na wageni, na mahali pa kuyafanyia mazoezi ni nyumbani, mvua ikipiga bati. Mke wangu anakaa kama mgeni, kijana wangu anakuwa mgeni mbishi, nami naeleza safari huku simu ikinirekodi. Mara ya kwanza nilipojisikiliza niliona aibu. Nilikuwa nimeongea dakika 25, nimetaja majina ya kambi zote, mimea, historia ya Wajerumani, na mahali pa kuvaa koti la mvua sikupataja kabisa. Sasa naeleza kwa dakika saba, siku moja kwa wakati mmoja. Kilomita nimeziacha, kwa sababu zinadanganya. Ukimwambia mtu kutoka kambi ya Barafu hadi kilele cha Uhuru ni kama kilomita 5, atafikiri ni matembezi ya saa moja na nusu. Mwambie saa sita hadi nane, gizani, kwenye baridi.

Kisha namweleza atakachokisikia kabla hajakisikia. Kuanzia mita 3,000 kichwa kinaweza kuuma kidogo, usingizi utakatika, hamu ya chakula itapungua, utaamka kukojoa usiku. Mwili unajirekebisha. Lakini kichwa kisichotulia, kutapika, kuyumba, kukohoa au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, hayo niamshe hata saa nane usiku, na sitakasirika. Hilo la kutokasirika lazima ulitamke. Wageni wetu, Waafrika na Wazungu, wanaogopa kusumbua watu.

Wala siulizi tena "uko sawa?" Liko jedwali la dalili linaloitwa Lake Louise, wengi wetu tumefundishwa kwenye kozi za huduma ya kwanza halafu tukaliacha kwenye begi. Linauliza mambo manne: kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu, kila kimoja kwa namba kuanzia 0 hadi 3. Uliza hivyo hivyo. "Mama, kichwa chako leo ni ngapi?" Mtu anayeona aibu kusema anaumwa hana aibu ya kutaja mbili. Ukipata shaka, mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole, kama hatua kumi. Na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kitumie, ila usikiabudu: kidole cha baridi au chenye rangi ya kucha kinatoa namba ya uongo. Namba zenyewe usizisome kwa sauti mezani. Nimeona mtu mzima akikosa usingizi kwa sababu mwenzake ana 88 na yeye ana 81.

Miaka michache iliyopita nilipandisha mgeni kutoka Austria ambaye kazi yake wakati wa baridi ni kufundisha watu mchezo wa skii, ule wa kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni. Kambini Shira tulikaa nje ya hema la kulia mpaka chai ikapoa. Nilimuuliza theluji ikiyeyuka anakula nini. Akasema kiangazi anaendesha baiskeli milimani, anatia nguvu mapaja na magoti, na anasomea madaraja ya ualimu wake, kwa kuwa msimu ukianza hakuna nafasi ya kujirekebisha. Nikajiona mimi na masika yangu. Kilichonigusa zaidi ni jinsi anavyomwanzisha mgeni. Hampeleki juu. Anamweka mahali tambarare, anamvalisha ubao mmoja mguu mmoja, anamfundisha kuanguka na kuinuka, kisha kusimama kwa kuzikutanisha ncha za mbao mbele na kuzitanua nyuma. Mpaka ajue kusimama ndipo anapoonyeshwa mteremko. Na kitu cha kwanza anachokikagua ni viatu, maana kiatu kikimbana mtu, hatajifunza lolote siku hiyo.

Viatu! Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi tunavichukulia kama jambo la mgeni mwenyewe. Kutoka Uhuru hadi lango la Mweka mtu anashuka zaidi ya mita 4,200 kwa siku mbili, na kila hatua vidole vinasukumwa mbele. Anayeanza hajui hilo, anajaribu buti za kukodi akiwa amekaa kitini na soksi nyepesi. Siku moja kabla ya safari mvalishe soksi zile zile nene za mlimani, msimamishe kwenye ngazi akitazama chini, mwambie apige kidogo ncha ya kiatu. Vidole vikigusa mbele, badilisha, hata kama rangi yake ameipenda. Mkumbushe akate kucha. Mfundishe kufunga kamba mara mbili: kupanda, legeza kidogo juu ya kifundo, kushuka, kaza hapo hapo ili mguu usiteleze mbele. Nusu saa hiyo kwenye ua wa hoteli nimeona inaokoa siku mbili za machozi.

Vifaa vya kukodisha navyo ni kazi ya masika. Zipu za mifuko ya kulalia, mishono ya mahema, tochi za kichwani, fimbo zisizokaza. Mimi jaketi za akiba nazitafuta kwenye mitumba ya soko la Memorial, nazifua kwa sabuni ya kawaida na kuzianika ndani siku mvua isipokatika. Mgeni wa mara ya kwanza akipewa jaketi linalonuka jasho la mtu mwingine, anaanza kutilia shaka mpaka mtungi wa oksijeni.

Mwili wetu nao usidanganye. Moshi iko chini ya mita 1,000, na ukikaa huku wiki nyingi mwili unasahau mlima. Nimewaona wenzangu wazoefu wakitapika Juni katika safari ya kwanza kwa kujiamini. Kwa hiyo safari ya kwanza baada ya masika nami najipima zile namba nne. Mazoezi hayana gharama: mara tatu kwa wiki napanda njia za Materuni nikiwa na kilo 15 mgongoni na kurudi, na kwenye kurudi ndiko ninakojifunza, hatua fupi, magoti yamelegea. Mgeni aliyechoka akiteleza utamshika kwa mapaja yako, si kwa uzoefu wako.

Kuna jambo wanaume tunalikwepa. Mwambie mgeni siku ya kwanza habari za choo. Kiko wapi, njiani inakuwaje, karatasi zinawekwa wapi, na kwamba akisema "nahitaji dakika mbili" kundi lote litatazama upande mwingine bila kuuliza. Wanawake wengi wanaopanda mara ya kwanza wanajinyima maji ili wasiombe kusimama, halafu tunashangaa kichwa kinauma. Hedhi nayo huja mlimani, mara nyingine kabla ya siku zake. Mimi sikujua kulisema. Nilimwomba dada mmoja anayeongoza wageni aniambie angependa aambiwe vipi, akanipa sentensi mbili, nikazifanyia mazoezi mbele ya mke wangu mpaka sauti ikaacha kukwama. Ukiwa na msaidizi mwanamke kwenye kundi, mtambulishe langoni, mapema.

Na "pole pole" yetu tuitazame. Tunaitamka kutwa, lakini siku ya kwanza msituni tunakimbia, kwa sababu njia ni nzuri na tunataka kuwahi kambi kabla ya mvua. Mtu asiye na uzoefu anaweka mwendo wake siku hiyo, na kuubadilisha kesho ni vigumu. Anayekwenda taratibu kuliko wote mweke nyuma yako, wa pili, si mkiani. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, ni wewe unayekwenda mbio.

Juni iliyopita nilipokea dada wawili kutoka Dodoma, walimu, hawajawahi kupanda hata kilima. Nilikaa nao uani nikawavalisha buti, nikawasimamisha kwenye ngazi, nikawaeleza zile dakika saba. Mdogo wao akauliza, "Kwa hiyo kaka, kichwa kikiuma nisubiri kizidi ndipo nikwambie?"

"Kikianza tu," nikamwambia.

Usiku wa tatu, saa tisa kasoro, alipiga hema langu kwa kiganja mara mbili. Ilikuwa namba moja. Nikampa maji ya moto, nikakaa naye mpaka ikawa sifuri, akarudi kulala.