Jibu: Mpira wa gofu unaokata kulia kusi likivuma

Salaam ndugu yangu. Umesema dreva (fimbo ya kupigia mbali) inapeleka mpira kulia, na kusi likivuma pale Mombasa Golf Club unaishia vichakani. Upepo hauanzishi kosa hilo, unalikuza tu. Mpira unapinda kwa sababu uso wa fimbo uko wazi, yaani umegeukia kulia, unapougusa.

Anza na mkono wa kushoto (nakuchukulia unapiga kwa kulia). Shika fimbo, tazama chini: ukiona kifundo 1 tu cha vidole, zungusha mkono kuelekea kulia mpaka vionekane 2 au 3. Usibane hadi mishipa ikatutumka.

Kisha simamisha chupa tupu ya maji upande wa nje wa mpira (ule ulio mbali na miguu yako), sentimita 10 hivi, nyuma kidogo. Ukiigonga, ujue fimbo inatokea nje kuingia ndani. Piga mipira 20 kwa nusu nguvu mpaka chupa isiguswe.

Upepo wa mbele? Tafadhali usikaze! Nguvu inauzungusha mpira zaidi, unapaa, unadondoka karibu. Penye aini (fimbo ya chuma) namba 7 chukua ya 5, shika chini kwa sentimita 3, bembea kifupi.

Wiki 2 bila nafuu, mwalimu akuone; bega lako silioni kwa maandishi.