Kwa mnaoanza kujitolea mkiwa na siko seli

Wadogo zangu habari. Kila ikikaribia Juni tunapata watu wapya wengi wanataka kujitolea kwa ajili ya siku ya selimundu duniani, yaani hii siko seli yetu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tarehe 19, na wengi ni wagonjwa wenyewe kama mimi, moyo wanao kweli ila wanaanza na kosa lile lile nililoanza nalo mimi, la kuficha.

Mwaka wangu wa kwanza sikumwambia msimamizi kitu. Niliogopa akijua ataniweka pembeni, si mnaijua ile ya "we kaa tu upumzike". Basi nikapangwa kugawa tisheti kwenye matembezi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na Dar mwezi wa sita asubuhi kuna kabaridi, mimi sweta nimeacha nyumbani ili tisheti mpya ionekane. Choo kilikuwa mbali kwa hiyo nikaacha kunywa maji. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana sisi figo zetu haziwezi kubana maji vizuri, ndio maana tunaenda chooni kila saa na ndio maana tukiacha kunywa tunakauka haraka kuliko wenzetu, zile seli nyekundu za damu zinajikunja zinanasa kwenye mishipa. Saa tisa mgongo ukaanza, jioni nikabebwa. Na kesho yake kuna watu walikuwa wananisubiri na funguo ya stoo ninayo mimi, wala hawajui nimelazwa.

Kwa hiyo sema, tena kabla hujapangiwa kazi. Ila usiseme tu "mimi mgonjwa" maana mtu hajui akufanyie nini, ataogopa tu. Sema hivi: nina siko seli, naweza kukaa mapokezi saa tatu mpaka saa sita, kubeba maboksi na kusimama juani kutwa siwezi, na chupa yangu ya maji nakaa nayo. Mimi nilivyosema hivyo mwaka uliofuata yule mama msimamizi alijibu "sawa mwanangu, kiti chako hicho hapo" yakaisha.

Halafu ahidi siku chache. Bora asubuhi moja kwa wiki na unafika, kuliko siku tano halafu ya tatu haupo. Na tafuta mwenzako mmoja wa kukushikia zamu, mkubaliane mapema kabisa, siyo umpigie saa kumi na moja alfajiri huku unalia maumivu.

Sasa niwaambie kwa nini nang'ang'ania mje hata hivyo. Siku moja pale kliniki mama mmoja alikuja na mtoto hajafika mwaka, vidole vya mikono na miguu vimevimba, mtoto hataki kuguswa. Kwa wengi wetu ndivyo inavyoanza hivyo, na yeye nyumbani walishamwambia mtoto karogwa. Majibu ameshapewa, anayo mkononi, amekaa kwenye benchi haongei. Nikamwambia mama, na mimi ninayo. Akanitazama macho yangu ya njano akaniuliza una miaka mingapi, nikamwambia 31. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaanza kulia, alafu akauliza kwa sauti ya chini, "ulikuwa unakula nini?" Tukaongea pale karibu saa nzima, vidonge vya foliki vya kusaidia damu, maji, kumfunika na baridi, chandarua, kutokosa kliniki. Daktari angemwambia hayo hayo, ila ile 31 angeitoa wapi?

Yaliyobaki ni madogo ila msiyapuuze. Nauli ulizeni mapema, kujitolea hakumaanishi utembee kwa mguu juani. Kama unatumia haidroksiurea, ile dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, usiruke dozi kwa sababu umewahi kutoka. Mtu mmoja pale awe na namba ya ndugu yako na ajue kadi yako ya kliniki iko mfuko gani wa begi. Homa ikipanda, au kifua kinabana unapumua kwa shida, acha kila kitu uende hospitali saa hiyo hiyo, usimalizie zamu. Na funguo za stoo msikae nazo peke yenu.