Msawazo si kusimama

Mdogo wangu, umeuliza: kama mmenyuko wa kemia ukifika kwenye msawazo vipimo havibadiliki tena, mwalimu anasemaje bado unaendelea? Hata mimi nilikwama hapohapo.

Chukua chupa ya maji nusu, ifunge vizuri. Molekuli za maji zinaruka kuwa mvuke, na za mvuke zinarudi majini. Mwanzoni zinazotoka ni nyingi kuliko zinazorudi, kisha kasi hizo mbili zinalingana; huo ndio msawazo. Ukitazama utaona kumetulia tuli, kumbe pilikapilika ni zilezile. Ukifungua kifuniko, mvuke unatoroka na maji yatakauka polepole. Ndiyo maana wanasisitiza chombo kiwe kimefungwa.

Kosa linalowaangusha wengi ni kuandika kwamba viasi vya vitu vinavyomenyuka na vya vinavyotokea vinalingana. Hapana! Kinacholingana ni kasi ya kwenda na ya kurudi. Viasi vinaweza kuwa 90 kwa 10 na bado ni msawazo. Kichocheo nacho, yaani kitu kinachoongezwa ili mmenyuko uende haraka, huharakisha pande zote mbili, hakisogezi msawazo.

Kwenye fizikia jihadhari, maana jina ni lilelile ila habari ni nyingine: gari linalokwenda 80 km/h kwenye barabara iliyonyooka, bila kuongeza wala kupunguza mwendo, lina jumla ya kani (nguvu za kusukuma na kuvuta) sifuri, kwa hiyo nalo liko kwenye msawazo.

Tukirudi kwenye kemia, lile jaribio la kuonyesha msawazo ukisogea, la gesi ya kahawia, NO₂ (nitrojeni dioksidi), inayokolea ikipashwa moto na kufifia kwenye barafu, usilijaribu nyumbani. Gesi hiyo ni sumu kwa mapafu. Mwombe mwalimu alifanye maabara.